Emily Post: adabu iliyoandikwa na mwanamke aliyevunjikiwa na nyumba

Majira ya joto ya mwaka 1905, mjini New York, mtu mmoja alimwendea dalali wa hisa aitwaye Edwin Post akamtaka atoe dola 500. Mtu huyo alikuwa wakala wa Town Topics, jarida la udaku lililojineemesha kwa siri za matajiri wa mji huo. Anayelipa anasitiriwa, asiyelipa anaandikwa. Na Edwin alikuwa na la kuandikwa, maana alikuwa na kimada, msichana wa jukwaani, na habari zake zilishafika kwa wasiostahili kuzijua. Mfukoni alikuwa amepwaya, biashara ya hisa ilikuwa imemwendea kombo. Akaamua halipi. Akaenda kwa waendesha mashtaka, mtego ukategwa ofisini kwake, wakala akanaswa. Habari ikatoka magazetini, na jina la mkewe likaburutwa humo humo.

Mke huyo alikuwa Emily Post. Miaka 17 baadaye, jina hilo hilo ndilo Wamarekani walilolitaja walipotaka kusema adabu.

Wengi wanaomkumbuka leo wanamkumbuka kama bibi wa uma na kisu, mwanamke wa kitajiri aliyekaa kiti cha mbele akiwakagua wenzake wanavyoshika kijiko. Nimemsoma miaka mingi, na kila ninapomrudia naona kwamba amekosewa. Huyu alianza kuwafundisha watu namna ya kukaa na wenzao baada ya yeye mwenyewe kuumbuliwa mbele ya mji mzima. Aibu aliijua kwa kuionja. Kitabu chake cha adabu nakisoma kama kazi ya mtu aliyetaka mgeni aingie mahali asipopajua bila moyo kumdunda. Na pale alipowaacha watu nje ya mlango, nitalisema hilo pia, kwa sababu halikuwa jambo dogo.

Alizaliwa Baltimore mwanzoni mwa miaka ya 1870, akiitwa Emily Price. Baba yake, Bruce Price, alikuwa msanifu majengo wa sifa kubwa. Hoteli ya Château Frontenac kule Quebec, ile inayofanana na kasri na ambayo hadi leo haikosi kwenye picha za mji huo, ni mchoro wake. Yeye pia ndiye aliyechora majengo mengi ya Tuxedo Park, mji wa mapumziko ambao tajiri wa tumbaku Pierre Lorillard aliujenga kaskazini mwa New York na kuufungua mwaka 1886. Ulikuwa mji wenye uzio na lango, na klabu yenye orodha ya wanachama. Koti jeusi la wanaume ambalo maharusi wetu wanalikodi kwa ajili ya ukumbi lilipata jina lake hapo.

Emily alimpenda baba yake kupita kiasi na alifuatana naye kwenye maeneo ya ujenzi. Alijifunza kuangalia nyumba kwa jicho la fundi: mlango unafungukia wapi, mwanga unaingilia wapi, mtu akiingia anaanza kuona nini. Maisha yake yote aliunda mifano ya nyumba kwa makaratasi magumu. Angezaliwa mwanamume angepelekwa kusomea kazi hiyo. Kwa kuwa alikuwa msichana wa tabaka lile, alipelekwa shule ya kuwanoa mabinti, na ulipofika wakati akatolewa.

Nasema akatolewa kwa makusudi, maana msomaji wa kwetu analijua neno hilo. Mwali hufundwa ndani, kisha hutolewa nje ili jamii imwone na wenye nia waje. New York ya wakati huo ilifanya vivyo hivyo kwa dansa na gauni jeupe. Binti aliingia ukumbini akiwa mtoto, akatoka akiwa mtu wa kuposwa. Emily alikuwa mrefu, mzuri, na alisifiwa mno msimu wake. Mwaka 1892 akaolewa na Edwin Post. Wakapata watoto wawili wa kiume, Edwin mdogo aliyeitwa Ned, na Bruce aliyepewa jina la babu yake. Kwa macho ya nje, kila kitu kilikuwa mahali pake.

Kisha vitu vikaanza kuanguka kimoja baada ya kingine. Mwaka 1903 baba yake alifariki. Mwaka 1904 alitoa riwaya yake ya kwanza, wakati ndoa ikiwa imeshapoa. Mwaka 1905 ikaja kashfa ya Town Topics, na muda si mrefu baada yake talaka. Talaka wakati ule, kwa mwanamke wa Tuxedo Park, ilikuwa doa ambalo watu hawakulitaja mbele yako lakini walilitaja mara tu ulipogeuka. Hakuwa fukara, na si haki kumfanya fukara ili hadithi inoge. Lakini alikuwa mama mwenye vijana wawili wa kusomesha, asiye na mume, na kwa tabaka lake mwanamke kufanya kazi ya mshahara ilikuwa yenyewe aina ya kuanguka. Akashika kalamu. Kufikia 1910 alikuwa na riwaya tano, na makala zake zilitoka kwenye majarida. Mwaka 1915 jarida la Collier's lilimtuma avuke Marekani kwa gari, kutoka New York hadi San Francisco, Ned akiwa usukani. Barabara nyingi zilikuwa za udongo, na mvua ikinyesha gari linakwama. Safari hiyo ikawa kitabu mwaka 1916.

Naipa safari hiyo uzito kuliko wengine wanavyoipa. Mwanamke aliyelelewa nyuma ya uzio alilala kwenye hoteli za miji midogo, akala na watu ambao Tuxedo Park isingewafungulia lango, akaona nchi iliyojaa watu waliohamia mahali wasipozaliwa. Sensa ya mwaka 1920 ndiyo ya kwanza kuonyesha kuwa Wamarekani wa mjini wamewazidi wa shamba. Fikiria maana yake. Mamilioni walikuwa wametoka kwenye vijiji ambako kila mtu alimjua babu yako, wakaja kuishi ghorofa moja na watu wasiowajua hata kwa jina. Wengine walikuwa wameshuka melini kutoka Italia, Poland na Urusi. Wengine walikuwa wamepata pesa ghafla. Wanawake walikuwa wamepata haki ya kupiga kura mwaka huo huo wa 1920, simu ilikuwa imeingia majumbani, gari lilikuwa limewapa vijana mahali pa kukaa wawili bila macho ya wazazi. Sheria za zamani zilikuwa zimetungwa kwa ajili ya maisha yasiyokuwepo tena.

Mwenye kuliona pengo hilo mapema hakuwa Emily. Alikuwa Lillian Eichler, binti mdogo wa kazi ya matangazo, ambaye kitabu chake cha adabu cha mwaka 1921 kiliuzwa kama njugu kwa matangazo yaliyocheza na hofu ya watu ya kuaibika hotelini. Inasimuliwa kwamba Emily alipoombwa aandike kitabu cha namna hiyo alikataa, akiona ni kazi duni, mpaka alipokisoma kimoja kilichokuwepo na kukasirishwa na jinsi kilivyomdharau msomaji wake. Akaandika chake. Kilitoka mwaka 1922 kwa kampuni ya Funk & Wagnalls, kinene, zaidi ya kurasa 600, kikapanda haraka hadi juu ya orodha za mauzo.

Ukikifungua leo, ukurasa unaonivuta mimi hauna uma wala glasi. Ni ule wenye safu mbili za maneno: ya kuyaepuka upande mmoja, ya kuyatumia upande wa pili. Anakataza kusema kwamba "katika makazi yetu huwa tunajipumzisha mapema". Anataka useme nyumbani kwetu tunalala mapema. Usiseme unatamani kununua kwa maneno ya kipambo. Sema ungependa kununua. Usiseme ulihudhuria, sema ulikwenda. Ni orodha nzima ya kumvua mtu nguo za kuazima. Alijua kwamba anayeogopa kudharauliwa hukimbilia maneno makubwa, na maneno makubwa ndiyo yanayomfichua. Nami nikikaa kwenye sherehe zetu nikamsikia mshereheshaji mzuri, kijana mwenye kipaji, akipoteza robo saa kwa "ningependa kuchukua fursa hii adhimu" na "itifaki imezingatiwa", huku bibi harusi amesimama na viatu vinambana, namkumbuka Emily Post. Kijana yule hana kosa la tabia. Hakuna aliyemwambia kuwa Kiswahili chake cha nyumbani kinatosha.

Ni hivyo hivyo kwa viwiko mezani, jambo ambalo watu humsingizia hadi leo kwamba alilikataza. Kitabu cha 1922 kinakubali viwiko mezani mkiwa hotelini, mmekaa wawili au wanne kwenye meza ndogo na muziki unapigwa. Sababu anayoitoa ni ya mtu aliyefikiri: huwezi kumsikia mwenzako bila kuinamia mbele, na ukipaza sauti utawasumbua wa meza ya pili. Sheria inapimwa kwa anachokipata aliyekaa karibu nawe.

Halafu kuna watu wake. Kwa kuwa alikuwa mwandishi wa riwaya, alikijaza kitabu wahusika: Mrs. Worldly aliyeona kila kitu, ukoo wa Toplofty wenye shingo ndefu, Mr. Richan Vulgar ambaye jina lake ukilisoma kwa sauti linatangaza kwamba ni tajiri na hana haya. Kwa wahusika hao anasema wazi kwamba jamii bora si umoja wa wenye pesa, na cheti cha kuingilia humo ni kujali hisia za wengine. Hapa ndipo ninapogombana naye. Alikuwa ameishi ndani ya uzio wa Tuxedo Park. Alijua fika kwamba langoni hawakuuliza mtu anajali hisia za nani. Naamini alilisema kwa moyo wake wote, kama tamanio, lakini alilisema kana kwamba limeshakuwa.

Barua ndizo zilizomfundisha. Zilianza kumiminika baada ya kitabu kutoka, kutoka kwa wanawake wa miji ambayo hakuwahi kuiona. Toleo la kwanza lilidhani nyumba ina mtumishi mkuu, mpishi na wahudumu wa meza. Walioandika walikuwa wakipika wenyewe, wakipakua wenyewe, kisha wakivua aproni haraka haraka ili wawapokee wageni mlangoni. Mwandishi mwenye kiburi angewajibu kwamba kitabu si chao. Yeye, katika toleo la 1927, alimwingiza mhusika mpya, Mrs. Three-in-One, mwanamke ambaye ni mwenyeji, mpishi na mhudumu kwa wakati mmoja, akamwonyesha jinsi ya kuwaalika watu chakula bila kujiua kwa kazi na bila kuona haya kwamba hana mtumishi. Kwangu huo ndio ukurasa wa heshima kuliko yote katika maisha yake ya uandishi. Alikubali kusahihishwa na wasomaji wake hadharani, ndani ya kitabu chenye jina lake.

Alifanya hivyo tena kwa suala la mwanamke mtu mzima aliyepaswa kumsindikiza msichana kila aendako. Mwaka 1922 sura ilimtaja msindikizaji huyo na kanuni nyingine. Mwaka 1927 kichwa cha sura kikasema msindikizaji anatoweka. Mwaka 1937 kikasema ametoweka. Ukiviweka vichwa hivyo vitatu pamoja unaona miaka 15 ya uhuru wa wasichana wa Kimarekani ikipita mbele ya macho ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe hakuupata.

Lakini kuna ambao barua zao, kama waliandika, hazikubadili sura yoyote. Katika Marekani ya 1922, Mmarekani mweusi angeweza kuzijua kurasa zote 600 kwa moyo na bado akatupwa nje ya behewa. Hilo si mfano wa kubuni. Charlotte Hawkins Brown, mwalimu aliyeanzisha shule ya Palmer Memorial Institute huko Sedalia, North Carolina, mwaka 1902, alikuwa njiani kwenda Memphis mwaka 1920 kuzungumza na wanawake weupe kuhusu maelewano ya rangi, pale wanaume weupe walipomlazimisha kutoka kwenye behewa la kulala alilolilipia na kwenda kwenye behewa la watu weusi. Alifika Memphis na akawasimulia wanawake hao kilichompata. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 naye alitoa kitabu chake cha adabu kwa ajili ya vijana wa shule yake, na Wamarekani weusi walimheshimu kwa hilo kama weupe walivyomheshimu Emily.

Wawili hawa nikiwaweka pamoja, sioni jinsi ya kumsifu wa kwanza bila kumtazama wa pili. Emily aliwafundisha watu ambao kosa lao likisahihishwa, mlango unafunguka. Charlotte aliwafundisha vijana ambao wangefanya kila kitu sawasawa na mlango ungebaki umefungwa. Kwao adabu ilikuwa ngao ya kulinda utu wao mbele ya watu waliokusudia kuwavunjia. Kitabu cha Emily hakiwatukani, kinawapita tu. Mtu aliyeandika kwamba msingi wa yote ni kujali hisia za wengine alipaswa kuliona hilo, na hakuliona, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nampenda.

Kwetu pwani mwanamke kuandika adabu si jambo geni. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alimwandikia binti yake utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Baada ya dini, jambo la pili analomwusia ni adabu na ulimi wenye thawabu, ili apendwe kila atakapoingia. Kila atakapoingia: yaani binti atakwenda kwenye nyumba za wengine, mama hatakuwepo, na kitakachomlinda ni anachokijua. Mwana Kupona alikuwa mjane, Emily alikuwa ameachika, na wote wawili walikuwa wa daraja la juu walioonyeshwa kwamba daraja halimkingi mwanamke. Sijui kama mwanamke asiyewahi kutikiswa angeweza kuandika vitabu vya namna hiyo na vikaaminika.

Sifa zilizofuata nazipitia haraka. Miaka ya 1930 alisikika redioni, na safu yake ya magazeti ikasambaa nchi nzima. Alikusanya marafiki wakajenga jengo la ghorofa Manhattan, mtaa wa East 79th, wakagawana nyumba humo kwa ushirika, na ndiko alikoishi miaka yake iliyobaki. Binti wa msanifu majengo hatimaye akapata jengo. Mwaka 1946 alianzisha taasisi yenye jina lake, ambayo kizazi chake bado kinaiendesha, na mwaka 2022 walitoa toleo la kuadhimisha miaka 100 ya kitabu. Mwaka 1950 jarida la Pageant lilimtaja kuwa mwanamke wa pili kwa nguvu Marekani, nyuma ya Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais Franklin Roosevelt. Alifariki Septemba 1960, mwaka ambao toleo la 10 lilitoka.

Sura ninayoirudia mara kwa mara ni ya mazishi. Humo hazungumzii namna ya kuonekana. Anaeleza mwili wa mfiwa unavyokuwa: unapoa, hauhisi njaa, hauwezi kuamua hata jambo dogo. Kwa hiyo wafiwa wawekwe kwenye chumba chenye jua. Mtu mmoja asimame kupokea wanaokuja. Wakirudi kutoka makaburini wapewe chai ya moto au supu nyepesi, na wasiulizwe kama wanataka. Wakiulizwa watakataa, wakishikishwa kikombe watakunywa.

Nilipoisoma sura hiyo mara ya kwanza nilisimama kusoma. Nilikuwa nimeyaona hayo kwa macho yangu, Tanga, msiba wa mjomba. Mkaza mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani, kila anayeingia anamuuliza, "Umekula?" naye anatikisa kichwa. Shangazi yangu hakuuliza. Alikuja na uji wa mchele kwenye kikombe cha bati, akachuchumaa, akaichukua mikono ya mfiwa akaizungushia kikombe, kisha akaweka ya kwake juu. Hakusema neno. Baada ya muda uji ukaanza kupungua. Shangazi hakuwahi kumsikia Emily Post, na Emily hakuwahi kuijua Tanga.

Mwaka 1927, mwaka ule ule wa toleo la Mrs. Three-in-One, kidole tumbo cha Bruce kilipasuka. Alikuwa na miaka 32, kijana aliyeifuata kazi ya babu yake ya kuchora majengo. Hakupona. Chumba chenye jua, mtu wa kusimama mlangoni, kikombe cha kitu cha moto kinacholetwa bila kuuliza: maagizo yote yalikuwa yameshachapishwa miaka mitano nyuma, kwa mkono wa mama yake.